Nilichagua kamongo kwa shindano la mapishi Bukoba, nikasahau kuuliza muziro wa mke wangu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, mliobaki chukueni salamu mgawane.

Mimi humu ni msomaji, huwa nakuja kucheka na kuondoka. Leo nimeamua kuandika. Yamenikuta mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki, na atakayesema ni chai namkaribisha kwangu Kibeta aje aone sufuria.

Mpangilio ukiwa mbovu mnisamehe. Sijatulia.

Mimi ni fundi umeme, Mhaya wa hapa hapa Bukoba. Mke wangu nitamwita Jeni. Baba yake ni mtu wa Kishanda kule Muleba, ila alifariki Jeni akiwa mdogo, mama yake akaenda kumlelea Morogoro. Kihaya chake ni cha kuombea maji.

Kitu kimoja mkijue mapema. Tumepoteza mimba mbili. Ya pili ilikuwa na miezi sita. Siku ninazosimulia alikuwa na ya tatu, miezi saba, na nyumbani mtu akikohoa tu wote tunashtuka.

Kwa sababu aliambiwa asisimame sana, jiko nikalichukua mimi. Nikagundua napika vizuri kuliko mama mkwe, na hilo naomba liishie humu humu.

Sasa kukatangazwa shindano la wapishi wa nyumbani, limeandaliwa na kikundi cha akina mama hapa mjini. Zawadi jiko la gesi la plate nne. Theme: chakula cha kwetu, sura mpya. Kila mshiriki anachagua kiungo kimoja kikuu, anakiandika kwenye fomu, na ukishaandika hubadilishi.

Wakuu, kuchagua kiungo kulininyima raha wiki nzima.

Senene? Kila mtu angeandika senene. Na msimu ulikuwa umepita, ungepata wale wa kwenye kopo wenye harufu ya friji.

Nikajaribu kahawa, nikaisaga nikaipaka kwenye nyama ya mbuzi. Jeni akaonja, akaniangalia, akasema, "Baba, hii ni adhabu."

Sangara kila hoteli wanaye. Dagaa nikaona ni wa kawaida mno.

Ndipo nikawaza kamongo. Kwa msiomjua, ni samaki mrefu wa ziwani kama nyoka, ana nyama tamu yenye mafuta, ila wengi wanamwogopa kwa sura. Akina mama wengi wa kanda hii hawamgusi kabisa. Nikasema hapo hapo, judge atakayekula kamongo akamsifia bila kujua ni nini, jiko la gesi ni langu. Sisi mnaotuita nshomile, wasomi wa kujisifu, bwana, tukipata wazo tunajiona tumemaliza.

Nina jamaa yangu mvuvi kisiwani Goziba, akanitumia kwa boti kamongo wa moshi, mfuko mzima.

Nikajaza fomu. Nikaanza mazoezi. Namloweka, namchambua mifupa, namuunga kwenye rojo ya karanga, halafu namfungia na ndizi zilizopondwa kwenye jani la mgomba, naweka kwenye mvuke. Muonjaji alikuwa Jeni. Kila jioni, karibu wiki mbili. Alikuwa anamaliza sahani na kulamba jani. Mtu ambaye miezi yote alikuwa akitapika hata uji!

Nilifurahi mno. Nikajiona mume bora wilaya nzima.

Ilibaki wiki moja. Jumamosi nikawasha pikipiki kwenda Kishanda kwa bibi yake Jeni, mama mzaa baba. Kibanja chake kina ndizi ambazo ukizipika zinalainika vizuri kuliko za sokoni, nikataka mkungu kwa ajili ya siku yenyewe.

Bibi alinipokea vizuri. Akaniwekea kahawa ya kutafuna, akawa anakata majani ya kufungia mkungu huku ananiuliza habari za mjukuu wake. Mimi kwa mdomo wangu huu nikaanza kutamba. Nikamweleza shindano, nikamweleza na kamongo.

Kisu kikasimama.

"Na anayekuonjea ni nani?"

"Ni Jeni, bibi. Anampenda huyo samaki, sijui nikuambieje."

Akaweka kisu chini. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Mwana wange, ulipokuja kuposa uliuliza nini?"

Nikamwambia niliuliza ukoo. Mhaya gani asiyeuliza ukoo? Lazima ujue msije mkaoana ndugu. Nilipoona ukoo wake si wangu, nikafunga mjadala, nikaenda kununua mbuzi.

"Na muziro wake hukuuliza?"

Kwa wasio wa huku: kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali, wengine mnyama, wengine samaki. Binti akiolewa anakuja na muziro wa baba yake. Wazee wetu walikuwa wanauliza vyote viwili, ukoo na muziro, kwa pumzi moja. Mimi niliuliza nusu.

Bibi akasema muziro wa ukoo wao ni kamongo.

Akasema mtu akila muziro wake ngozi inachubuka kama imeungua, meno yanalegea. "Na kama ana mimba..." Hakumalizia. Akaingia ndani.

Wakuu, mimi nimesoma. Mambo ya muziro nilikuwa nayacheka nikiwa na wenzangu. Lakini pale kwenye majani ya migomba nilianza kuhesabu jioni zote alizoonja. Wiki mbili! Tena kwa mkono wangu, nikimwambia ongeza kidogo mama, mtoto anataka.

Bibi akatoka na chupa ya plastiki, ndani maji ya kijani. Akasema Jeni ayanywe leo leo. Nikaweka chupa ndani ya jaketi, mkungu nikauacha hapo hapo, nikaondoka.

Nikapiga simu nilipofika Muleba mjini. Inaita, haipokelewi.

Nikapiga tena nilipofika Kemondo. Inaita, haipokelewi.

Mvua ikaanza. Nilikuwa nimeshaona jeneza dogo. Tulishazika moja, najua linavyokaa mkononi. Barabara yote nilikuwa nasali, nikichanganya Baba Yetu na Salamu Maria mpaka sijui nilikuwa namwambia nani nini.

Kufika Kibeta, mlango wazi, nguo nusu zimeanikwa, nusu ziko kwenye beseni. Jirani yetu akaja mbio: "Tumempeleka hospitali, tumbo lilimkaza."

Jirani ndiye aliyenishika mkono akanipandisha tena kwenye pikipiki yangu mwenyewe, akaendesha yeye.

Nikamkuta Jeni kalala kwa ubavu, kashika chuma cha kitanda. Nesi akaniuliza, "Leo amekula nini?"

Nikajibu, "Ndizi na maharage."

Ndiyo, nilimdanganya nesi. Mke wangu yuko pale na mimi naona aibu kutaja samaki.

Nesi akachukua kile kipimo kama tarumbeta, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akahamisha. Akahamisha tena. Nilikuwa naangalia uso wake tu, na sikuona chochote.

Kisha akasema, "Mapigo yapo, mazuri."

Akaeleza kuwa ile ni mikazo ya kupita. Jeni alikuwa amefua tangu asubuhi bila kunywa maji, mwili umekauka. Wakamtundikia dripu, wakasema alale pale waangalie.

Nesi alipotoka, nikatoa chupa. Nikamwambia Jeni yote, kuanzia kisu cha bibi hadi kwenye jeneza nililoliona barabarani. Nilikuwa nalia, sifichi. Nikamwomba anywe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba kamongo ni muziro wangu. Mama aliniambia kabla hujanioa."

Wakuu, nilikaa chini, sakafuni.

"Mimba ya kwanza nilishika miiko yote," akasema. "Ya pili nikashika hadi ya majirani. Sikula kamongo, sikula mayai, sikuruka kamba. Wote wakaondoka. Huyu nimeamua nimpe anachotaka."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ungeogopa. Na wewe ukiogopa, mimi namwegemea nani?"

Nikainuka sakafuni, nikamshika mkono.

Akasema nimshukuru bibi, ila ile dawa niimwage, yeye hanywi kitu asichokijua akiwa na mtoto tumboni. Nikaimwaga kwenye maua nje ya wodi, nikaomba msamaha, sijui kwa nani. Bibi alipopiga simu kuuliza kama amekunywa, nikasema ndiyo. Uongo wa pili siku ile ile.

Shindano? Nilienda. Jeni alinifukuza nyumbani: "Nenda kapike, usinikalie hapa kama msiba."

Ile plan ya judge kula bila kujua nikaifuta. Niliandika KAMONGO kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nikaiweka mbele ya sahani. Majaji walikuwa wanne. Wawili waliisoma wakaweka uma chini. Mmoja wao, mama wa makamo, aliniinamia akasema, "Asante mwanangu kwa kuandika." Bila alama za wawili utashinda nini? Nilishika mkia. Jiko limekwenda kwa mtu wa senene.

Sikuumia. Nilikuwa nimewaza mengi: yule mama angekula halafu nikamtajia kwa mbwembwe, naye angerudi nyumbani kwake na hofu kama yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Unayempikia ana haki ya kujua unamlisha nini, uamini muziro au usiamini. Na mkeo muulize maswali yote, usiulize yale tu yanayokuruhusu kuoa.

Kama muziro una nguvu au hauna, mimi sijui. Usinibishie hapo, sijui kweli.

Maana hivi ninavyoandika miezi imetimia, niko kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Jeni ameingia tangu asubuhi. Wametoka wanawake watatu waliomkuta ndani na watoto wao, yeye bado. Nikisikia mlango nasimama. Nimeandika uzi huu ili vidole viwe na kazi.

Wenye uzoefu wa mambo haya, kwenu mnaulizana muziro lini? Na wewe uliyewahi kukaa kwenye benchi kama hili, niandikie chochote, hata matusi. Nitasoma.

UPDATE: Wakuu, ni wa kike. Kilo tatu na kidogo. Nimemsikia akilia kabla hawajaniita. Mama yake mzima, anaulizia chakula.

Nimempigia bibi. Ameuliza kitu kimoja tu, ngozi ya mtoto ikoje.

Nimemwambia ni nzima. Nimeikagua mwenyewe, kidole kwa kidole.