Minyoo ya Mzee Kiprono

Ningependa kuwaambia aibu hii ilimpata rafiki yangu, lakini watu wengi wa upande wa Chepkoilel waliniona kwa macho yao nikitembea na kibao kwapani na mkebe wa minyoo mkononi, kwa hivyo wacha nikubali tu ni mimi.

Baba yake Chebet, msichana ninayetaka kumwoa, alikuwa amekataa kwa miezi kuwapokea wazee wetu wa posa kutoka Kakamega (kwake, karani kama mimi, anayepanga nyumba mtaani Kimumu, ni mtu asiyejua udongo), halafu siku moja akaniita Jumamosi asubuhi tuvue samaki kwenye bwawa lililo karibu na shamba lao, na huko ndiko angenipa jibu. Basi mimi nikanunua samaki bandia wa plastiki, wale wa kumetameta wenye ndoano tumboni, nikafika na kiburi changu chote. Mzee aliwaangalia kidogo akawarudisha kwa mfuko.

"Kijana, samaki wa hapa hawajui hii mambo ya plastiki. Enda utafute minyoo."

Ilikuwa Januari, ardhi imekauka kabisa, na ningemuuliza tu nichimbe wapi, lakini sikutaka anione mjinga mara ya pili. Nikapenya ua wa jirani, na kwenye kona ya shamba lililovunwa nikakuta tuta la udongo laini, tena wenye unyevu, na kando yake kibao kimeanguka, kimejaa samadi upande mmoja. Nikadhani ni kile kibao cha aina ya mbegu ya mahindi ambacho watu husimamisha kando ya shamba (nani angedhani vingine?), nikakitumia kuchimbia. Minyoo ilikuwa minene, mingi ajabu. Ng'ombe waliokuwa wakila mabua waliacha kutafuna wakanitazama, nikaondoka haraka na kibao changu.

Ndoano haikukaa majini hata dakika moja. Kambare wa kwanza alikuja bila kuvuta, kama mtu aliyeitwa, na wa pili vivyo hivyo. Niliwalaza juu ya kibao na hapo ndipo walipoanza kurukaruka.

"Hii bwawa imeninyima tangu rafiki yangu Kiprono atuache," Mzee alisema polepole. "Sijashika hata moja."

Ukungu ulikuwa bado juu ya maji na hakuna ndege aliyelia. Kila samaki aliyejipigapiga pale alipangusa samadi kidogo, herufi nyeupe zikaanza kutokea, mimi bado nasubiri jina la mbegu. Samaki wa sita alipotulia tukasoma pamoja: PUMZIKA KWA AMANI, na chini yake, KIPRONO.

Mzee akavua kofia. "Umetoa wapi hiyo kitu?"

Nilinyoosha kidole, na kutoka upande huohuo tukasikia akina mama wa kanisa wakiimba, wamekuja kuomba na mjane wa Kiprono. Mzee akaniambia nitangulie. Nikapita katikati yao nikinuka samaki, nikapiga magoti kwenye kaburi nililolifukua, nikarudisha minyoo mmoja mmoja huku wimbo ukififia. Jamani, niliona haya mpaka machozi yakanitoka.

Mjane, Mama Tabitha, hakunipigia kelele. Alisema udongo ule ni laini kwa sababu kila jioni yeye humwagilia maua, ambayo ng'ombe walikuwa wamekula, wakaangusha na kibao cha kaburi. Kisha akachungulia ndani ya mkebe wangu.

"Miaka yote Mzee wangu alikataa kuonyesha watu mahali anachimbanga minyoo. Akaniambia nimzike hapo hapo, ndio wasijue. Sasa wewe alikuonyesha aje?"

Hakuna aliyecheka.

Tuliporudi, Mzee alisimama kwenye ua. "Ambia wazee wenu wakuje. Kama Kiprono amekupea minyoo yake, mimi ni nani nikukatae." Akavaa kofia yake. "Lakini ungeuliza."

Siku hizi nauliza kila kitu, hata mahali pa kukaa. Chambo nachimba Kimumu tu, nyuma ya bafu ya ploti ninakopanga, udongo ambao namjua kila mtu aliyeukanyaga. Sijashika samaki hata mmoja tangu siku hiyo, na kila nikirudi mikono mitupu nashukuru Mungu.