Kiden na tope lisilotaka haraka

Saa kumi na mbili asubuhi, Kiden anainua bilauri ya maji kwenye mwanga na kuitazama kama mtu anayesoma uso wa mgonjwa. Mvua zimenyesha, na Nile imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake malori ya maji yamepanga foleni hadi barabarani.

"Sister Kiden, si uongeze dawa kiasi?" anasema Dut, dereva aliyekulia Kenya. "Leo watu wa Munuki wataoga na mate."

"Wewe ngoja," Kiden anajibu bila kugeuka. "Kwani mimi naishi wapi?"

Anaishi Munuki, mtaa wa jiji la Juba, Sudan Kusini, na mama yake, ambaye hununua maji kwa madereva hawa hawa. Msimu uliopita walichoka kungoja, wakashuka kuchota mtoni moja kwa moja. Mama aliharisha wiki nzima. "Nilisafisha maji ya Juba yote," anasema Kiden, "lakini ya nyumbani kwangu hapana."

Katika kituo hiki cha binafsi kando ya mto, kazi yake ni kupima jinsi polima, yaani dawa ya kukusanya tope, inavyoshika chembe za udongo kadiri muda unavyopita. Dawa hiyo, anaeleza, ni minyororo mirefu isiyoonekana kwa macho. Mmoja hushika chembe hii kwa ncha moja na ile kwa ncha nyingine, hadi bonge linakuwa zito na kuzama.

Kipimo chake ni cha kujibunia. Huchota maji ya juu na kuyadondoshea tope jipya. Likigandana, bado kuna minyororo inayoelea. Likibaki limetawanyika, yote imekwisha kushika. Hungoja kidogo, kisha huchota tena.

Alikulia uhamishoni Koboko, Uganda, akaishia darasa la saba. Hapa aliajiriwa kufagia. Fundi aliyefunga mitambo alimwonyesha mwanzo wa kazi. Mengine amejifunza kwa kutazama. Mshahara wake, anasema, unatosha unga na mkaa.

Anaenda kukagua pampu. Anaporudi, kopo la dawa ni tupu.

"Nimekusaidia," anasema Dut.

Amefanya kama wafanyavyo wengi nyumbani kwa shabu, ile chumvi ya mawe ya kutakasa maji: tope likizidi, nao huzidisha konzi. Lakini maji ya tangi hayatakati. Yamebaki na ukungu, na yanateleza vidoleni.

"Umevika kila chembe nguo mwili mzima," Kiden anamwambia taratibu. "Sasa mwenzake atashika wapi?"

Malori mawili yanaanza kurudi nyuma kuelekea mtoni. Kiden anayatazama, kisha anachota maji ya tangi katika bilauri na kuyachanganya na ya mto. Anakoroga polepole. Anangoja. Mabonge madogo yanaanza kushuka.

"Washa pampu," anamwambia Dut. "Ongeza maji ya mto. Ile chafu kabisa, yenye chembe ambazo hazijavaa."

Madereva wanacheka. "Kalas, basi," anasema Lual, mkubwa wao. "Dada yetu anafua nguo kwa matope."

Dut hacheki. Anawasha pampu, kisha anaingia kwenye lori lake na kuliegesha katikati ya lango. "Kosa ni langu," anawaambia wenzake. "Ngojeni. Hapa hapiti mtu."

Wanamtukana kidogo, halafu wanazima injini.

Kiden ana ombi moja kwa mwenye kituo: tangi la pili, ili tope litulie huku wakati kule watu wanachota. "Mtu akiwa na kiu huwezi kumwambia angoje," anasema. "Mimi nataka nikiacha kazi hii, foleni isiwe na sababu ya kwenda mtoni." Mwenye kituo amejibu kwamba ataangalia baada ya mvua.

Jua limepanda anapochota tena na kudondosha tope. Linasambaa kama moshi, lisigandane popote. Anafungua njia ya kwenda kwenye klorini, dawa ya kuua vijidudu, anasubiri ifanye kazi yake, kisha anajaza kikombe na kunywa wa kwanza.

Lori la Dut ndilo linalotangulia kujazwa.

"Anzia kwa mama yangu," Kiden anamwambia. "Na ukifika, umweleze wewe mwenyewe kwa nini maji imechelewa."