Ukuta wa Bibi

Jana, katika duka moja la mtaa wa Kings Heath, huku ughaibuni, nilisikia harufu ya mkate mweusi mchachu, kama wa nyumbani kwa bibi, na miguu yangu ikakataa kutulia.

Nilikuwa na miaka saba nilipoondoka kwa bibi. Baba, Mzanzibari aliyesomea Urusi, alikuja kutuchukua mimi na mama kutoka mji mdogo wa ngome alikozaliwa mama, atupeleke kwao. Asubuhi ya safari, bibi mzaa mama alinishika mkono tukapanda juu ya ukuta wa ngome, wa matofali mekundu, yenye baridi na kuvu. Tangu alfajiri bibi hakuwa ameketi; hata kule juu alikuwa akizungukazunguka. Akanisimulia kwa Kirusi, haraka haraka, kwamba ngome ilijengwa kuzuia maadui wa nyikani. Baadaye mpaka ukasogezwa mbali, askari wakaondoka. Ikawa ghala la nafaka, kisha jela, kisha watu wa mji wakayabomoa matofali yake wakajengea meko majumbani mwao.

"Na adui alikuja lini?" nikamuuliza.

"Hakuja kamwe. Watu walikaa wakimngoja, huku watoto wao wakiondoka mmoja mmoja."

Kutoka chini baba akaniita kwa Kiswahili, "Mwanangu, shukeni basi! Treni haimngoji mtu!"

Bibi hakujua Kiswahili hata neno. Akaniinamia. "Baba yako anasemaje?"

"Anasema tukae kidogo," nikamjibu.

Basi akaketi juu ya ukuta, akanipakata, na kwa mara ya kwanza siku ile akatulia.