Kifaru Nilichokipaka Chokaa

Harufu ya chokaa mbichi ikinigusa pua, mimi hutoka nje mpaka leo. Wenzangu wa Mkuyuni huipenda, maana kwetu ndiyo harufu ya Krismasi: Desemba ikiingia ndoo zinatoka stoo, kuta zinapakwa, na nyumba iliyoshinda mwaka mzima na alama za vidole vya watoto inarudishiwa heshima yake. Mimi inanirudisha kwenye Desemba niliyokuwa na miaka tisa, na kwenye kabati la vioo la baba mdogo Masanja, mdogo wake baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja.

Baba mdogo alikuwa fundi mitambo aliyesomea nchi ya baridi kali, akarudi na ugonjwa mmoja usio na dawa: kukusanya vifaru vya vita. Vilikuwa vifaru vya plastiki, vya kuenea kwenye kiganja, alivyoviunganisha mwenyewe kwa gundi na kibano. Alikuwa navyo kumi na kimoja, vyote vyenye rangi nyeupe, kama vile vya kweli vilivyopakwa zamani ili visionekane kwenye theluji. Katika mji wa jua na mawe kama wetu, nani angemwelewa? Wageni waliviona vya kuchezea watoto, naye akawasomesha bila kuchoka: askari walipaka haraka haraka, kwa brashi na hata kwa fagio, na rangi ile ikachubuka mapema pale walipopandia na viatu vyao, kwenye mifuniko na kwenye kona, kijani cha chini kikatokeza. Kwa hiyo na yeye alipaka, kisha akachubua doa kwa doa, huku akitazama picha za zamani kwa kioo cha kukuzia. Kifaru cheupe pe, alisema, ni uongo. Nilisikia maneno hayo mara mia, lakini asiyejua maana haambiwi maana.

Mimi naitwa Kabula, jina la bibi aliyemzaa baba mdogo. Kwa sababu hiyo aliniita mama, na hakuwa anatania. Nikimletea maji alipokea kwa mikono miwili, na kunigombeza hakuweza, maana mtu atamgombezaje mama yake? Ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwepo Nyangeta, binti wa mama mkubwa wa Nansio, kule kisiwani, aliyekuja kwetu kusoma sekondari. Alikuwa kidato cha pili, ana akili kama wembe, na ada yake aliilipa baba mdogo kwa hiari yake. Tulilala kitanda kimoja. Nilimpenda, na naomba hilo likumbukwe mnapoendelea kusoma.

Wiki ile baba mdogo alikuwa anamsubiri rafiki yake aliyesoma naye ughaibuni, aje Jumapili kuviona vifaru. Alhamisi mchana, watu wakiwa kazini na Nyangeta akiwa nje anapaka chokaa ukuta wa stoo, nililitazama kabati nikaona aibu. Kile kifaru kikubwa cha katikati kilikuwa kama ukuta wa choo uliobanduka. Mgeni hapokelewi na vitu vichafu, ndivyo mama alivyotulea. Nikachukua ufunguo juu ya redio, nikakisugua kwa mswaki wa zamani na sabuni ya unga, nikachota chokaa kwenye ndoo ya Nyangeta alipokwenda bombani, nikakipaka kikawa cheupe kila mahali, magurudumu, minyororo, mpaka ile namba ya ubavuni. Nilipokuwa napaka mzinga, ukakatika. Ndipo nilipotazama mikono yangu na kuelewa kwamba nimefanya jambo lisilorudi nyuma. Nikauegemeza mzinga mahali pake, nikafunga kabati, nikaenda kunawa mpaka vidole vikauma.

Siku mbili zile sitaki kumtakia hata adui. Kila ufunguo ulipolia mlangoni nilikimbilia chumbani. Niliacha kula, mama akadhani nina malaria. Jumamosi baada ya chai baba mdogo alifungua kabati. Hakupiga kelele. Alikibeba kwa viganja viwili mpaka sebuleni, akakiweka mezani, akatuita wote. Macho yake yalinipita, kwangu hayakutua, yakaenda moja kwa moja kwenye kucha za Nyangeta, ambazo zilikuwa na chokaa ya siku tatu.

"Sikugusa, baba," Nyangeta alisema. Alisema mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

"Ungeniambia umekosea, ningekusamehe," baba mdogo alijibu. "Uongo siusamehe. Sitamsomesha mtu mwongo."

Mlango wa msamaha ulikuwa wazi palepale mbele yangu, na nilishindwa kupita. Nilikuwa nimekwisha kunyamaza wakati mwenzangu anakana mara tatu, na niliona kusema sasa kungenifanya mbaya mara mbili. Nikatazama sakafu. Nyangeta alinitazama mara moja tu. Jumatatu alipanda meli ya kurudi Nansio na begi lake la shule, na Januari hakurudi.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka ishirini na miwili. Siku hizi nakaa Buhongwa, na kwa kuwa macho ya baba mdogo yameishiwa nguvu, mimi ndiye ninayempakia vifaru vyake. Nimekuwa hodari, tena mkorofi: picha ikionyesha mkwaruzo upande wa kushoto, sitaki kuuona kulia, na nimebishana na watu wazima kwa jambo la mfuniko mmoja. Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, na baba mdogo akampa historia ya kile kifaru kilichovunjika mzinga, kwamba kiliharibiwa na binti mmoja mwongo wa Nansio. Nimeisikia hadithi hiyo miaka yote nikimimina chai. Safari hii nilisubiri mgeni aondoke, nikamwambia, "Baba mdogo, ni mimi." Nikamweleza yote, mswaki, ndoo, mzinga, nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Alivua miwani. Akaiweka mezani, kisha akauliza, "Alikuwa kidato cha ngapi?"

"Cha pili."

Hakuniita mama. Alisema, "Tutakwenda Jumanne, wewe na mimi. Mimi nina la kwangu la kumwambia."

Kesho ndiyo Jumanne. Nyangeta anaanika dagaa pale Nansio, ana watoto wanne, na wa kwanza yuko kidato cha pili. Nina miaka thelathini na moja, na hofu niliyo nayo inaishinda ile ya utotoni. Wakati ule niliogopa kugombezwa. Sasa naogopa kwamba Nyangeta atatupokea mizigo, atatuingiza ndani, na kabla sijafungua mdomo ataniuliza kama nimekula.