Wimbo Niliouweka Ukutani

Mtaani kwetu Temeke tulikubaliana kuchora kuta, ili mtu akitembea kutoka msikitini hadi sokoni aone maisha ya Wazaramo waliotutangulia hapa. Mimi nilikuwa katibu wa kazi hiyo, mwalimu wa kuja kutoka bara, na kimbelembele changu kila mtu anakijua. Ukuta wa ngoma ulipendeza, na wa wasusi wa mikeka pia. Nikasema bado, tunataka kitu ambacho mitaa mingine haina.

Kitu hicho nilikuwa nacho. Binti yangu alipovunja ungo, jirani yangu, bibi wa Kizaramo ambaye ni kungwi, alimfunda bila kinyongo ingawa sisi si wa kabila lake. Mimi mama mtu akaniruhusu niketi ndani nisikilize. Alinionya mara moja tu: "Ya humu ndani, mwanangu, yanaishia humu humu." Nikaitikia. Jioni ile ile nikayaandika kwenye daftari.

Daftari hilo nikampa mchoraji. Akachora mwali na kungwi wake, na chini yao, kwa herufi kubwa, wimbo mzima wa unyago. Vijana wa bodaboda waliuimba kabla rangi haijakauka, wakicheka. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga picha.

Bibi hakuja kunigombeza. Siku ya tatu walikuja makungwi wenzake wanne, wakaketi mkekani barazani kwake, na mimi nikaitwa kama jirani. Mkubwa wao akauliza ni nani aliyetoa siri nje. Kisha kikohozi kikamshika. Nikajiambia nitasema, ngoja tu amalize kukohoa.

"Ni mie," bibi akasema. "Nilimwimbia mchoraji mwenyewe. Uzee huu, jamani."

Hakunitazama. Wenzake walimwambia, kwa upole kabisa, kwamba sasa apumzike. Wanawali wa mtaa huu watafundwa na wengine. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake, na iliisha pale, chai ikiwa bado ya moto.

Mdomo ninao. Nikiwa darasani nasikika hadi barabarani. Pale niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado aibu hiyo haikunitoa neno hata moja. Wageni walipoondoka, bibi aliniomba nimsaidie kukunja mkeka, nikamsaidia.