Fundi Cherehani Ajifunza Kupumua

Wifi yangu alikuwa mwoga wa maji kupita kiasi. Hata kunawa uso alikuwa akichovya vidole tu, kama paka. Ni fundi cherehani, mke wa kaka yangu, na kwa mkasi hana mpinzani: anakukatia suruali kwa macho tu, na ukiivaa inakukaa utadhani umezaliwa nayo. Lakini maji? Toba!

Sasa kaka yangu alikuwa mwogeleaji hodari, yule wa kupita majini kama hana mifupa. Akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, mguu ukawa wa kuburuta. Daktari wa mazoezi akamwambia wazi: ingia bwawani, mwili utarudi; kaa kitini, utakaukia hapo hapo. Kaka akachagua kiti. Aibu tu, hakuna lingine. Watu waliomjua akiwa samaki wamwone akishikiliwa kama mtoto? Thubutu! Tulimbembeleza, tukagombana naye, mimi nikamlilia mbele yake bila haya. Mwisho, ili mkewe amwache apumue, akasema:

"Siku utakayovuka bwawa lile kwa mtindo huru, mama watoto, siku hiyo na mimi nitaingia."

Alikuwa anamfunga mdomo. Mimi mwenyewe kicheko kilinitoka. Wifi hakucheka.

"Kutoka ukuta hadi ukuta?" akauliza.

"Ukuta hadi ukuta."

"Haya."

Jumamosi tukawa bwawani, yeye na vazi alilojishonea, mikono mirefu, mshono huuoni hata kwa tochi. Kocha alikuwa binti mmoja mwembamba mwenye sauti kuliko filimbi. Siku ya kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kumbandua wifi vidole kwenye ngazi. Baadaye akampa kibao cha kushikilia, apige miguu. Wifi akapiga kwa vifundo, kama anakanyaga cherehani. Maji yakaruka kila upande, yeye yuko palepale.

"Anzia kwenye paja, mama!" binti akapiga kelele.

Hilo alilishika. Kichwa nacho kikamtesa: alikiinua kutafuta ukuta uko wapi, na kila akikiinua, miguu inazama. Binti akamfundisha atazame chini, akitaka hewa ageuke na bega, sikio moja libaki majini. Hilo nalo alilishika, ingawa aliwahi kunywa maji ya kutosha kufulia.

Kilichomshinda ni pumzi. Anapiga mikono michache, anaibuka macho yamemtoka, kifua kinataka kupasuka.

"Toa pumzi ndani ya maji, mama. Puliza mapovu."

"Natoa, mwanangu."

Hatoi! Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, sikuona povu hata moja. Binti wa watu akaanza kukata tamaa, na mimi roho ikaniuma, maana nyumbani kaka alikuwa anazidi kukonda.

Siku moja nikaenda kwa wifi kumpelekea kitambaa. Nikamkuta anashona kola, amebana pini midomoni, uso umekaza. Nikamsalimia, kimya. Nikatazama kifua chake: hakipandi wala hakishuki. Alipofika mwisho wa mshono ndipo akashusha pumzi, puuu!

"Wifi, wewe ukishona unapumua saa ngapi?"

Akatoa pini. "Nikimaliza mshono. Ukipumua, mkono unacheza."

"Basi ndiyo hiyo! Unataka kushona bwawa lote kwa pumzi moja!"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kuanzia siku hiyo pini zikahamia kwenye kifuko alichojifunga mkononi, na wifi akawa anashona huku anavuma, mmmmm, kutoka mwanzo wa mshono hadi mwisho, maana ukivuma huwezi kubana pumzi. Wateja wakaniuliza pembeni kama yuko sawa. Niliwajibu yuko sawa kuliko wao. Na bwawani akavuma vilevile uso ukiwa majini, na mapovu yakamtoka kama sufuria inayochemka. Nampenda yule mwanamke, jamani.

Siku ya kuvuka, kaka akakubali kuja kutazama tu. Akakaa kwenye benchi, fimbo kati ya magoti. Wifi akajisukuma ukutani. Katikati alipaliwa, akakohoa, kaka akaibana fimbo kwa nguvu. Wifi hakusimama. Akageuka na bega, akachukua hewa, akaendelea, mpaka akaugusa ukuta wa pili.

Nikapiga kigelegele. Kaka akasema, "Mkono wake wa kulia unavuka mbele ya kichwa. Ndiyo maana anakwenda upande."

"Kaka! Mtu amevuka, wewe unatafuta kasoro?"

"Mwache, wifi," akasema mkewe, anahema, kashika ukingo. "Baba watoto, njoo unionyeshe."

Kaka akawatazama watu waliokuwa pale, mmoja mmoja. Kisha akaniachia fimbo, akaanza kufungua mkanda kwa mkono wake mzima.

"Kaka, watu!" nikamwambia.

Suruali ikaanguka. Ndani alikuwa amevaa kaptura yake ya kuogelea. Ameivaa nyumbani, peke yake, kwa mkono mmoja, kabla hajajua kama mkewe atavuka.

Wifi akaiona kaptura ile, akaanza kulia humo humo majini.