Vifaranga Wawili Weusi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwinua kuku aliyekuwa ameatamia, nikakuta chini yake vifaranga tisa. Saba walikuwa na rangi ya siagi, kama wawavyo watoto wa kuku weupe. Wawili walikuwa weusi. Nilibaki nimechuchumaa mle bandani, hapa hapa Msambweni, nikiwatazama wale wawili kama mtu aliyetukanwa.

Mama yetu alikuwa akifuga kuku weupe wenye vishungi. Alipofariki alituacha wawili, mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Mimi nilichukua jogoo na mitetea yake. Mwanaidi alisema yeye anapenda kuku wa kila rangi, akafuga wake uani kwake, ukuta mmoja na mimi. Mimi nilitaka weupe tupu. Kwa miaka nilichagua: kuku mwenye unyoya mmoja wa manjano nilimchinja, mwenye kishungi kilicholala upande nilimchinja. Hoteli moja ya Diani ilikuwa ikiwachukua kwa ajili ya bustani yake, na watu walikuwa wakitoka Ukunda kuja kuwatazama tu. Nilipenda kusifiwa. Sitakuficha.

Basi nilipowaona wale weusi sikujiuliza mara mbili. Mwanaidi alikuwa na jogoo mweusi. Na wiki chache nyuma nilikuwa nimekwenda Gazi kumwuguza shangazi yetu, nikamwachia yeye ufunguo wa banda. Nikasema moyoni, amemwingiza jogoo wake kwa choyo.

Nilimkuta akikuna nazi. Nikamwambia yote niliyokuwa nayo kifuani, hata yasiyohusu kuku. Aliweka kifuu chini, akanitazama.

"Dada, wallahi sikumwingiza," akasema. "Niliwapa maji na chakula, nikafunga."

Lau ningeishia hapo, labda tungepatana. Lakini wiki ile palikuwa na harusi kwa jirani, na mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele nikasema kwamba mdogo wangu ana husuda, na mkono wake si wa kuaminiwa. Naye alikuwapo, ungo magotini. Alimaliza mchele wake taratibu, akawaaga watu kwa adabu, akaenda zake.

Haukupita muda, yeye na mumewe wakahamia Kibuyuni, kwao mume, wakawa wanalima mwani. Kila Idi alikuwa akimpa mtu salamu aniletee. Sikujibu hata moja. Miaka minne, mwanangu, salamu za mdogo wangu zinaingia mlangoni kwangu na hazitoki na jibu.

Ndipo alipokuja Mzee Mwero, mfugaji wa siku nyingi kutoka pande za Kinango, kutafuta jogoo. Nikampa kiti, na katika mazungumzo nikamsimulia jinsi nilivyodhulumiwa, nikitumai atanihurumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza yule jogoo wa mama yetu alizaliwa na kuku wa rangi gani. Nikafikiri. Nikamkumbuka mama yake, kuku wa zamani, mweusi tii, aliyekuwa akilala juu ya kinu, nikamwambia.

"Binti yangu," akasema Mzee Mwero, "kwa kuku kama hawa weupe hufunika weusi, haufuti. Ukiwazalisha ndugu kwa ndugu, kama ulivyofanya, siku moja weusi utatoka wenyewe. Hakuna aliyeingiza jogoo humu. Nenda kwa mdogo wako leo, kabla hujala."

Maneno yale yalinikata maini. Lakini sikwenda siku ile. Niliona haya kwenda mikono mitupu. Nilikuwa na vifaranga wachanga, nikasema nitawangoja wakue, vishungi vijitokeze, nichague jozi iliyo bora nimpelekee, ndipo niombe radhi kwa heshima. Wiki ikaja wiki. Kila nilipowatazama nilimwona mmoja ana kasoro, nikangoja tena. Miezi mitatu ikapita hivyo.

Siku moja adhuhuri simu ikalia. Alikuwa mume wa Mwanaidi. Akaniambia mkewe aliamka na homa kali, wakampeleka hospitali, na Mungu amemchukua. Sikumbuki nilifikaje Kibuyuni. Nakumbuka kwamba nilipofika walikuwa wameshamwosha na kumkafini, nikafunuliwa uso wake kidogo tu.

Siku ya tatu ya matanga bintiye, Saumu, alikuja kuketi kando yangu.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "mbona hukuwa ukija? Mama alikuwa akituambia kazi ya kuku haikupi nafasi."

Nikajua hapo kwamba Mwanaidi hakuwahi kuwaambia wanawe. Mimi nilimfedhehesha mbele ya mtaa mzima, yeye akanisitiri mbele ya watoto wake. Nikamweleza Saumu kila kitu, sikujipunguzia. Akasema, "Mama nadhani alikwisha kukusamehe. Mimi nipe muda." Nami nikampa, na sikumlaumu.

Niliporudi niliwakusanya wale wanawake wa harusi ile, wale waliokuwa bado hai, nikawaambia nilimsingizia mdogo wangu. Walinisikiliza. Mwanaidi hakunisikia.

Mwanangu, usimtuhumu mtu kwa jambo usilolijua. Uliza kwanza, waulize wanaojua, na ukiapiwa na ndugu yako mpe nafasi ya kuaminiwa. Ukimvunjia mtu heshima mbele ya watu, mtakase mbele ya watu hao hao. Na ukishajua umekosa, ondoka siku hiyo hiyo uende, hata kama huna cha kupeleka. Usingoje zawadi iwe nzuri.

Mwenyezi Mungu akujaalie ndugu wanaokusitiri, akulainishe ulimi wako kwao, na akupe kuwaomba radhi wangali wanakusikia. Amin.